Mizani ya mlangoni

Usiku wa tarehe 26 Julai 2022 Wakenya walikaa mbele ya televisheni kusubiri mdahalo wa urais kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Karatasi ya kura ya mwaka ule ilikuwa na majina manne tu: William Ruto, Raila Odinga, George Wajackoyah na David Waihiga Mwaure. Wanne! Hata meza moja ya harusi huketisha wengi zaidi. Lakini waandaaji walikuwa wameamua kuwagawa mafungu mawili. Mwenye asilimia 5 na zaidi katika kura za maoni aingie zamu ya pili, zamu ya wakubwa. Aliyepungukiwa atangulie mapema, kama ngoma ya watoto kabla bendi haijafika. Wajackoyah alikuja, akasema hapandi jukwaani ila wakiwa wote wanne, kisha akaondoka zake. Mwaure akabaki akijibu maswali peke yake. Zamu ya pili ilipofika, Raila alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hatahudhuria, kwa hiyo Ruto naye akasimama peke yake mpaka mwisho. Watu walioahidiwa mdahalo wakapewa mahojiano mawili.

Kesho yake gumzo kubwa lilimhusu Raila, na haikuwa ajabu. Mimi nilibaki na zamu ya kwanza. Hiyo asilimia 5 ilitoka wapi, na inapima kitu gani hasa?

Desturi ya kuweka mizani mlangoni ina asili yake Marekani, na huko ilizaliwa siku moja na mdahalo wenyewe. John Kennedy na Richard Nixon walipokutana studioni Chicago tarehe 26 Septemba 1960, kulikuwa na kikwazo cha kisheria kilichokuwa kimeondolewa kwanza. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1934, katika kifungu cha 315, ilikitaka kituo kinachompa mgombea mmoja nafasi hewani kiwape nafasi sawa wapinzani wake wote. Wagombea wa vyama vidogo wangeweza kudai dakika zao, na vituo havikutaka mzigo huo. Bunge likakisimamisha kifungu kile kwa ajili ya kinyang'anyiro cha urais cha mwaka ule. Kwa maneno mengine, mdahalo wa kwanza wa televisheni ulipatikana kwa kuiweka kando sheria ya usawa. Baada ya hapo ikapita miaka 16 bila mdahalo mwingine wa urais, hadi mdhibiti wa utangazaji alipotafuta njia ya kuzunguka: mdahalo ukiandaliwa na mtu wa nje, kituo kinachourusha kitahesabiwa kuwa kinaripoti habari. Mtu wa nje akawa League of Women Voters, jumuiya ya wanawake iliyojitwika kazi ya kuwaelimisha wapigakura.

Wanawake wale ndio waliokutana kwanza na tatizo la mtu wa tatu. Mwaka 1980 mbunge wa Illinois, John Anderson, alitoka katika chama cha Republican akagombea kama mgombea binafsi. Jumuiya ikaweka kipimo cha asilimia 15 katika kura za maoni, na Anderson akakivuka. Rais Jimmy Carter akasema hakai naye jukwaa moja. Mdahalo wa Baltimore wa tarehe 21 Septemba ukafanyika kati ya Anderson na Ronald Reagan, rais aliye madarakani hayupo. Wiki zikapita, Anderson akashuka chini ya kipimo, na tarehe 28 Oktoba Carter akatokea Cleveland kukabiliana na Reagan pekee. Mwishowe Anderson aliambulia asilimia 6.6 ya kura. Sikumbuki kisa kingine kinachoonyesha wazi hivi ufunguo uko mfukoni mwa nani. Kipimo kilimruhusu Anderson kuingia. Mkubwa mmoja akaamua kutokuja, na ukumbi ukamfuata mkubwa.

Mwaka 1987 wakubwa wakaacha hata kujificha. Wenyeviti wa kitaifa wa vyama viwili, Frank Fahrenkopf wa Republican na Paul Kirk wa Democratic, waliunda Tume ya Midahalo ya Urais. Jina lina harufu ya serikali, lakini ni shirika binafsi, na waanzilishi wake ni wale wale wanaofaidika mlango ukiwa mwembamba. Waswahili tungesema kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. League of Women Voters ilijaribu kubaki, lakini Oktoba 1988 ikajitoa kwa hasira: timu za wagombea wawili zilikuwa zimepatana kwa siri juu ya karibu kila kitu, kuanzia watakaouliza maswali hadi watakaoketi ukumbini, na wanawake wale wakakataa kuwa mapambo ya udanganyifu.

Tume hiyo ilimfungulia mtu wa tatu mara moja tu. Ross Perot, tajiri wa Texas mwenye michoro yake ya deni la taifa, alijitoa Julai 1992 akarudi tarehe 1 Oktoba, huku kura za maoni zikimpa chini ya asilimia 10. Kwa kipimo kilichotumika miaka ya baadaye asingeingia. Aliingia kwa sababu George Bush na Bill Clinton hawakumkataa, kila mmoja akipiga hesabu kwamba atamla mwenzake. Baada ya midahalo mitatu alipata asilimia 18.9 ya kura, karibu kura milioni 20, japo hakupata hata mjumbe mmoja wa kura za majimbo. Nakisi ya bajeti, ambayo wakubwa walikuwa wakiipitia juu juu, ikawa ajenda ya taifa.

Sasa tazama miaka minne baadaye. Kwa sababu ya kura zile za 1992, sheria ilimpa Perot takribani dola milioni 29 za walipa kodi afanyie kampeni ya 1996. Tume ikamwacha nje ya midahalo, ikidai hana nafasi ya kweli ya kushinda. Hazina ya serikali ilimwona mgombea wa kutosha kumpa mamilioni, na kamati ya watu binafsi ikamwona hatoshi kupewa mimbari. Mlipa kodi aligharimia kampeni ya mtu ambaye hakuruhusiwa kumsikiliza akibishana na wenzake. Safari hii Perot alipata asilimia 8.4.

Tangu mwaka 2000 Tume ilitumia hesabu kavu: asilimia 15 kwa wastani wa kura tano za maoni za kitaifa. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa tatu aliyevuka. Ralph Nader alifika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, tarehe 3 Oktoba 2000 akiwa na tiketi ya kuketi kama mtazamaji tu, akarudishwa. Mwaka 2012 Jill Stein wa chama cha Green na mgombea mwenza wake walikamatwa nje ya Chuo Kikuu cha Hofstra na kuwekwa kwa saa kadhaa wakiwa wamefungwa pingu kwenye viti. Gary Johnson wa Libertarian, gavana wa zamani wa New Mexico, jina lake lilikuwa kwenye karatasi za majimbo yote 50 mwaka 2016, naye akatazama midahalo kama wewe na mimi. Mwaka 2024 vyama vikubwa viliipiga chenga hata Tume yao wenyewe, vikapatana moja kwa moja na vituo vya televisheni. Joe Biden na Donald Trump wakakutana CNN, Atlanta, tarehe 27 Juni. Asilimia 15 ilibaki pale pale, na Robert Kennedy mdogo, mgombea binafsi, akabaki nje.

Mtetezi wa kipimo atasema hesabu haina upendeleo, inamhukumu kila mtu sawa. Tuifungue basi hesabu yenyewe. Utafiti wa watu elfu moja huwa na ukingo wa makosa wa alama tatu hivi kila upande. Mgombea aliyesomeka asilimia 13 huenda ana 10, huenda ana 16, mizani haijui. Isitoshe, mtafiti ndiye anayechagua majina ya kusoma kwenye simu. Akiuliza ni nani kati ya Hillary Clinton na Trump, wa tatu hatajwi, na asiyetajwa hapandi. Kisha kuna mduara wenyewe: watu hawakujui kwa sababu hujaonekana jukwaani, na huonekani jukwaani kwa sababu watu hawakujui. Wakenya wana sababu ya ziada ya kuipima mizani hii kwa jicho kali. Mwaka 2022 kura kadhaa za maoni za wiki za mwisho zilimweka Raila mbele; Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Chombo kilichokosea juu ya nani anaongoza ndicho kilichoaminiwa kuamua nani asikilizwe.

Kuna kisa cha jimbo la Minnesota ambacho watetezi wa kizingiti hawapendi kukisikia. Mwaka 1998 Jesse Ventura, mwanamieleka wa zamani, aligombea ugavana kwa chama cha Reform. Kura za maoni za mapema zilimpa kama asilimia 10. Waandaaji wa pale walimruhusu kwenye midahalo, akasimama kati ya wanasiasa wawili waliokubuhu na kuzungumza kama watu wanavyozungumza kwenye vibaraza vyao. Novemba alishinda kwa asilimia 37. Kama angepimwa kwa mizani ya urais, gavana mtarajiwa angeachwa nje kwa kuwa hana nafasi ya kushinda.

Nairobi nayo ina kisa chake, na nakipenda zaidi. Mdahalo wa kwanza wa urais wa Kenya, Februari 2013 katika shule ya Brookhouse, awali haukupangiwa wagombea wote. Wakili Paul Muite alikwenda mahakamani kupinga kuachwa nje, na usiku wenyewe mimbari zikawa nane. Ya mwisho ilikuwa ya Mohamed Abduba Dida, aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye asubuhi ile Wakenya wengi hawakuwa wamelisikia jina lake. Alijibu kwa mafumbo, kwa utani, kwa maadili ya dini, na nchi ikacheka pamoja naye badala ya kumcheka. Matokeo yalipotangazwa, Dida alikuwa wa tano kwa kura 52,848. Nyuma yake alikuwepo Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria na mwanasiasa wa miaka mingi, kwa kura 43,881. Dida hakuwa na helikopta wala mabango barabarani. Ukiniuliza kura zile alizipata wapi, nitakuonyesha jukwaa la Brookhouse.

Hata hivyo sitaki kudanganya. Usiku ule wa watu wanane ulikuwa mzigo kwa mtazamaji. Ukigawa dakika 90 kwa wanane, kila mmoja anapata dakika kama 11, na humo atoe sera ya elimu, ya ardhi na ya usalama. Kila jibu linakuwa la juu juu, na mwanasiasa mkubwa anajificha nyuma ya msongamano: muda wake ukiisha kabla swali gumu halijajibiwa, anashukuru Mungu kimoyomoyo.

Na kuna hesabu nyingine inayonisumbua mimi mwenyewe, ninayeegemea upande wa kufungua mlango. Katiba ya Kenya inamtaka mgombea urais apendekezwe na wapigakura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwenye kaunti zaidi ya nusu ya zote. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinahitajika 24, na saini 48,000. Ni mchujo mkali, na mwaka 2022 uliwapitisha wanne tu kati ya watu wengi waliotangaza nia. Ndiyo maana nimekuwa nikisema kwamba aliyeupita mchujo wa Katiba hastahili kupimwa tena na mizani ya televisheni. Lakini Mwaure alipata kura 31,987. Wapigakura waliompa kura ni wachache kuliko saini zilizotakiwa ili agombee! Saini Kenya inaweza kutolewa kwa hisani, kwa kujuana, hata kwa nauli ya kurudi nyumbani. Anayesema kwamba jina kwenye karatasi ya kura halithibitishi kuungwa mkono, hana kosa.

Ninachomjibu ni kwamba mdahalo haupo ili kuthibitisha nani anaungwa mkono. Siku ya kura ipo kwa kazi hiyo. Mdahalo upo ili mpigakura atakayekutana na majina manne kituoni awe amewaona hao wanne wakibanwa. Chukua mfano wa Wajackoyah. Aliahidi kulipa deni la nchi kwa kilimo cha bangi na biashara ya sumu ya nyoka, na kwa miezi kadhaa ahadi hizo zilizunguka mitandaoni kama vichekesho, bila mtu kumwekea karatasi mbele yake na kumwambia: deni letu ni hili, nyoka wangapi? Jukwaani, mbele ya wapinzani wenye hamu ya kumuumbua, hesabu ile ingemshika shingo. Mgombea wa ajabu anafaidika zaidi akiachwa nje. Wiki moja kabla ya mdahalo wa urais, wagombea wenza walipangwa kwa zamu zilezile mbili, Justina Wamae wa Roots, chama cha Wajackoyah, na Ruth Mutua wa Agano, chama cha Mwaure, wakatangulia, na wengi walishangaa kumwona Wamae akijibu kwa utulivu ambao hawakuutarajia kutoka chama cha bangi. Sasa jiulize ingekuwaje angekaa meza moja na wagombea wenza wa Raila na Ruto, Karua na Rigathi Gachagua.

Tena wadogo wana uzito ambao mizani ya asilimia 5 haiuoni. Mshindi Kenya sharti apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta aliivuka nusu kwa kura zisizofika 10,000, asilimia 50.07. Mwaka 2022 Ruto aliivuka kwa kura kama 70,000, wakati Wajackoyah na Mwaure kwa pamoja walipata 93,956. Kule Florida mwaka 2000, Nader alipata kura 97,488 katika jimbo ambalo Bush mdogo alilichukua kwa kura 537, na jimbo hilo likamkabidhi urais. Watu waliotajwa kuwa si kitu ndio waliokuwa wamekalia ufunguo. Mahakama Kuu ya Kenya ililiona hilo kwa njia yake Oktoba 2017, pale tume ya uchaguzi ilipotaka uchaguzi wa marudio, baada ya ule wa kwanza kubatilishwa, uwe wa Uhuru na Raila peke yao. Ekuru Aukot, mmoja wa wagombea wadogo wa mwaka ule, alishtaki, akashinda, na jina lake likarudishwa kwenye karatasi. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amelazimika kwenda mahakamani pia ili aruhusiwe kwenye mdahalo.

Mdahalo huo wa Julai 2017 unanirudisha kwa wakubwa. Waandaaji walikwaruzana na Aukot, wakalegeza masharti, wakawapangia wadogo zamu yao ya mapema. Kazi yote hiyo ya kulinda usiku wa vigogo! Usiku ukafika, Uhuru hakutokea, Raila akazungumza peke yake. Carter 1980, Uhuru 2017, Raila 2022: kila mdahalo uliovunjika katika visa hivi umevunjwa na mgombea aliyekuwa na kiti chake tayari. Hakuna hata mmoja uliovunjwa na umati wa wadogo. Tunaweka bawabu amzuie mtu asiye na kitu, na mwenye nyumba anatoroka kupitia dirishani.

Wafaransa wamelipunguza tatizo kwa sababu uchaguzi wao una duru mbili na sheria yao inahesabu dakika za wagombea hewani. Tarehe 4 Aprili 2017 waliwapanga wagombea wote 11 katika mdahalo mmoja, mkutano wa vurugu na vijembe, ambamo Philippe Poutou, mfanyakazi wa kiwanda cha magari, aliwabana wakubwa juu ya kashfa zao kwa namna ambayo mwanahabari asingethubutu. Baada ya duru ya kwanza wakabaki wawili, nao wakakutana ana kwa ana. Wananchi wenyewe waliwachuja, kwa kura halisi.

Kenya ina duru ya pili kikatiba lakini haijawahi kuifikia, kwa hiyo haiwezi kuisubiri. Inaweza kuiga mpangilio. Mdahalo wa kwanza uwe wa kila aliyeidhinishwa na tume ya uchaguzi, wote kwa pamoja, hata wakiwa wanane, na dakika zipimwe kwa saa inayoonekana kwenye skrini. Wakizidi hapo, wapigiwe kura ya bahati nasibu hadharani kuwagawa katika usiku mbili, ili mkubwa na mdogo wachanganyike. Zamu za daraja la kwanza na la pili zifutwe kabisa. Mdahalo wa pili unaweza kupunguzwa, na hapo sina ugomvi na kipimo cha kura za maoni kitakachozingatia ukingo wa makosa, kwa kuwa kitampima mtu ambaye angalau amekwisha kusikika. Marekani, yenye duru moja, mlango ungeweza kuwa idadi ya majimbo: mwenye jina kwenye karatasi za majimbo yanayotosha kufikisha wajumbe 270 aingie mdahalo wa kwanza. Mwaka 2016 hao walikuwa wanne.

Asiyefika, mimbari yake ibaki pale pale na jina lake, na maswali yaliyoandaliwa kwa ajili yake yasomwe kwa sauti kama kawaida, dakika zake zikihesabiwa kimya. League of Women Voters ilifikiria kumwekea Carter kiti kitupu mwaka 1980, ikaghairi. Nadhani waliogopa kumuudhi rais, na tangu hapo wakubwa wamejua kwamba kutokuja hakuna gharama.

Lililobaki ni tarehe. Mwaka 2013 na 2017 masharti ya mlango yalibadilika wakati majina yalikwisha kujulikana na mawakili walikwisha kuajiriwa, hivyo kila badiliko lilionekana limeshonwa kwa mwili wa mtu fulani. Uchaguzi ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Masharti yanaweza kuchapishwa miezi mingi kabla tume haijaidhinisha jina la kwanza, wakati ambapo hata wanaoyaandika hawajui ni nani yatamwacha nje.